Kumwachia Mungu: maisha ya Papa Simon Kimbangu



Huku kwetu Kindu neno la kumwachia Mungu halikosi siku. Shimo likianguka kule Kalima ama Kailo, watu wanasema tumwachie Mungu. Mnunuzi akipima kasiterite na kilo zake zenye kudanganya, tumwachie Mungu. Mtoto akirudishwa nyumbani juu ya franga za shule, ni vile vile. Sisi wa sendika tunalisikia kila mahali tunapofika, kwenye machimbo, kwenye kilio, hata kwenye meza ya pombe. Hatuna ugomvi na neno lenyewe. Wengi wetu ni Wakristo, na wandugu zetu Waislamu wanalo lao lenye maana ileile. Ugomvi wetu ni juu ya wale wanaotusukumia neno hilo wakati wao wenyewe wanapata faida kama sisi tukinyamaza.

Tunakumbuka mama mmoja mjane. Bwana yake alibaki chini ya udongo. Tajiri aliyekuwa anakula kazi ya lile shimo, jina lake tunaliacha, alifika kwenye kilio na mfuko wa mchele na kibidoni cha mafuta, akamwambia mama amwachie Mungu, akaenda zake. Kisha mchele uliisha. Mama akatuuliza kama Mungu ndiye atakayelipa shule ya watoto wanne, ama ni yule tajiri. Tulimjibu lile la tajiri, tukamwandikia barua, tukaanza kutembea ofisi kwa ofisi. Lakini lile swali la Mungu lilibaki, na si sendika inayoweza kulijibu kwa barua.

Kwa hiyo safari hii tunasimulia maisha ya mtu ambaye Kongo nzima inajua jina lake, lakini wengi hawajui alipita wapi: Papa Simon Kimbangu. Hakuwa mtu wa Maniema, alikuwa Mkongo wa upande wa chini, kule mto unakokaribia bahari. Lakini miaka mingi kuliko yote ya utu uzima wake aliimaliza huku mashariki, katika mji wa wachimbaji, ndani ya boloko.

Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1887 kule Nkamba, kijiji kidogo karibu na misioni ya Ngombe Lutete. Baba yake aliitwa Kuyela, mama yake Luezi. Wote wawili walikufa yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na Mama Kinzembo, mtu wa ukoo wake. Wazee wa kule wanasimulia kwamba huyu Mama Kinzembo siku moja alimhurumia mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa anafukuzwa na watu, akamsaidia, na yule mzungu akamwombea baraka. Ni masimulizi ya kijiji, tunayapokea hivyo. Kilicho hakika ni kwamba mtoto yatima alikua karibu na Waprotestanti wa misioni ya Kibatisti, akajifunza kusoma Biblia, akaoa Mama Marie Mwilu, na tarehe 4 Julai 1915 bwana na bibi walibatizwa pamoja pale Ngombe Lutete. Akawa katekista. Walizaa watoto wanaume watatu: Charles Kisolokele mwaka 1914, Salomon Dialungana mwaka 1916, Joseph Diangienda mwaka 1918.

Hapa ndipo panaanza shida yake, na tunaomba msomaji asipite mbio. Watu wengi wakisikia jina la Kimbangu wanaona mara moja mtu mkubwa, nabii, picha ya ukutani. Yeye mwenyewe hakutaka. Mwaka 1918 dunia yote ilishikwa na ile homa kali iliyofuata vita, na Kongo ya chini ikazika watu wengi sana. Wakati ule ndipo alianza kusikia ndani yake sauti inayomwita kuchunga watu wa Mungu. Akakataa. Alijiona hana elimu ya kutosha, na wako wengine waliosoma kumpita. Sauti ikarudi, akakataa tena. Mwisho akakimbia. Alichukua njia ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akaenda kutafuta kazi ya mshahara kama kijana yeyote.

Ni sawasawa na Yona wa Biblia aliyepanda masuwa kwenda upande mwingine. Tofauti ni moja: Yona alimezwa na samaki, Papa Simon alimezwa na kazi ya mzungu. Inasimuliwa kwamba aliingia katika kampuni ya mafuta ya mawese, akatumika, mwezi ukaisha, na mshahara haukutoka. Mwezi wa pili vile vile. Wachimbaji wenzetu hamhitaji maelezo. Mtu ameacha bibi na watoto watatu kijijini, amekimbia wito uliomwogopesha, na kule alikokimbilia anadaiwa kodi na tumbo wakati tajiri hamlipi. Akarudi Nkamba mikono mitupu.

Sisi tunapasoma pale tunaona kitu ambacho mahubiri mengi yanaruka. Alipojitoa kwa Mungu hakuwa mtu aliyeshiba, aliyekaa vizuri, akatafuta kazi ya kupendeza zaidi. Alikuwa mtu aliyeshindwa. Alikuwa amejaribu njia yake mwenyewe, na njia imefunga. Wengine wetu tunajua ile hali: umechimba miezi, mshipa wa madini umepotea, deni limekaa dukani, na hata kurudi nyumbani ni haya. Papa Simon alirudi na ile haya.

Akaanza tena kulima shamba lake. Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe Kinsuka, aliingia nyumbani mwa mwanamke mgonjwa aitwaye Nkiantondo, akamwekea mikono kwa jina la Yesu, na yule mama akapona. Ndivyo waumini wake wanavyosimulia, na ile tarehe ndiyo mwanzo wa yote. Kwa juma chache Nkamba ilijaa. Watu walitoka kila upande na wagonjwa kwenye machela, wengine kwa miguu, wengine kwa treni ya Matadi. Misioni za Waprotestanti na za Wakatoliki zilianza kubaki tupu. Na mashamba ya wazungu pia, na kazi za njia ya reli. Hilo la mwisho lishikeni, tutarudi kwake.

Aliwafundisha nini? Watupe hirizi na sanamu za uganga. Mwanaume akae na bibi mmoja. Waache pombe na ngoma za uchafu. Wamwombe Mungu mmoja kwa jina la Kristo. Hakuwaambia watu wakatae kodi, wala hakuwapa mkuki. Mafundisho yale yangeweza kutoka katika kinywa cha mmisionari yeyote, ila safari hii yalitoka kwa mtu mweusi ambaye hakutumwa na ofisi yoyote. Bula Matari aliogopa hilo kuliko mkuki.

Mwezi wa Mei administrateri wa Thysville, bwana Morel, alipanda kwenda Nkamba kutazama mwenyewe. Alirudi na woga. Tarehe 6 Juni akapanda tena, safari hii pamoja na askari, kumkamata. Vurugu ikatokea, na Papa Simon akawaponyoka. Miezi mitatu alikaa akizunguka vijijini kwa siri, watu wakimficha, huku askari wanatafuta, wanachapa watu, wanaharibu mali. Katika ile miezi aliendelea kufundisha, hakulala tu porini.

Kisha, mwezi wa Septemba 1921, alirudi Nkamba kwa miguu yake mwenyewe. Alijua askari watafika. Aliwaambia watu wake wasipigane, wasirudishe ubaya kwa ubaya. Askari wakafika, wakamfunga. Alikuwa na miaka 34. Kisolokele alikuwa na miaka saba, Dialungana mitano, Diangienda mitatu.

Tumebishana sana katika sendika juu ya kurudi kule. Kijana mmoja wa kwetu anasema ni ujinga: mtu aliyefichwa na watu wote, Bula Matari hakuweza kumpata, kwa nini ajipeleke? Wazee wanamjibu kwamba kila siku aliyobaki porini, watu wa vijijini ndio walikuwa wanalipa kwa migongo yao. Sisi tunaona wazee wana haki. Aliona uchungu wa wengine ukiwa mikononi mwake, na hicho hakukiacha kwa Mungu, alikifanya mwenyewe. Kile kilichofuata, hukumu, kifo, bibi yake, watoto wake, hakikuwa mikononi mwake tena. Hicho ndicho alichomwachia.

Kesi ilifanywa Thysville mbele ya baraza la askari, chini ya Kamanda de Rossi. Mshtakiwa hakuwa na mtu wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 walitoa hukumu: kuchapwa fimbo 120, kisha kuuawa. Makosa yake yalikuwa kwamba amechochea watu na kuleta uadui juu ya wazungu na serikali. Hakuwa ameua mtu, hakuwa ameiba. Ukisoma habari za wakati ule unaona kilichowauma wazungu wa biashara: kazi zimekosa watu. Matajiri walikuwa wanapiga kelele wanyonge katekista. Wenzake kadhaa nao walipewa kifungo cha miaka mingi.

Wamisionari wa Kibatisti waliandika kuomba asiuawe, ijapokuwa hawakupenda yote aliyofanya. Mwezi wa Novemba mfalme wa Ubelgiji, Albert wa Kwanza, alibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakaamua kumpeleka mbali kabisa na kwao, upande wa pili wa nchi, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kumbukeni wakati ule reli ya Kasai haikuwepo bado, ilifika 1928. Njia ya ndani ya nchi kutoka magharibi hadi Katanga ilipanda mto mpaka Stanleyville, kisha treni na masuwa kwa zamu, ikipita hapahapa Kindu, mbele ya kuingia treni ya Kongolo. Mtu wa Nkamba aliyepelekwa Elisabethville aliwekwa mbali na lugha yake, na chakula chake, na kaburi la mama yake. Huko watu walisema Kiswahili.

Na sasa miaka 30. Ni rahisi kuandika tarakimu. Wako katikati yenu waliofanya miezi sita katika boloko juu ya kesi ya madini, wanajua siku moja ina urefu gani. Yeye aliingia mwaka 1921 akatoka mwaka 1951 akiwa maiti. Wanaosimulia habari zake katika kanisa lake wanasema kwamba alitumika miaka mingi jikoni, akipika chakula cha wafungwa. Kwa maoni yetu hakuna sehemu ya maisha yake inayozidi hiyo. Mtu ambaye umati ulimfuata, ambaye misioni zilibaki tupu juu yake, anashika mwiko na kukoroga bukari kila asubuhi kwa wezi na wauaji na watu waliokosa kodi. Hakuna umati. Hakuna anayemwita nabii. Ndiyo kazi iliyokuwepo, akaifanya.

Manabii wengi wa leo, hata hapa Kindu, wanafundisha kwamba ukimwachia Mungu shida yako, na ukiweka bahasha, mlango utafunguka mwezi huuhuu. Hatutaji mtu. Lakini mlango wa Papa Simon haukufunguka. Alimwachia Mungu kila kitu, na boloko ilibaki boloko. Kama kumwachia Mungu kungekuwa biashara ya namna ile, yeye angekuwa amepata hasara kubwa kuliko mtu yeyote wa nchi hii. Mama mjane wa kwetu alipoelezwa habari hiyo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba walau huyu anamwamini.

Mji wenyewe aliofungwa ulikuwa mji wa shaba. Watu waliletwa kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka Rodezia, wakakaa katika makambi ya Union Minière, wakaamshwa kwa firimbi. Wakati wa vita ya pili bei za vitu zilipanda, mshahara ukabaki palepale, na kazi ikaongezwa kwa sababu Waingereza na Wamarekani walihitaji madini yetu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville waligoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi. Gavana Maron alifika na askari, risasi zikapigwa kwa watu wasio na silaha, Mpoyi akauawa hapo pamoja na wengi wengine. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuwa na sendika mpaka 1946.

Siku ile Papa Simon alikuwa katika mji uleule, nyuma ya ukuta, katika mwaka wa ishirini na moja wa kifungo. Hatusemi kwamba alihusika. Tunayaweka mambo mawili pamoja kwa sababu tumechoka na wale wanaotulazimisha kuchagua: ama uwe mtu wa Mungu, ukae kimya, ama uwe mtu wa mgomo, uache Mungu. Wagomaji wengi wa ule uwanja walikuwa Wakristo. Na mfungwa wa kule ndani, mtu wa sala, alikuwa amehukumiwa kama mchochezi na wakubwa walewale waliotoa amri ya risasi. Bula Matari hakuona tofauti kubwa kati yao.

Turudi kwa Mama Mwilu, maana magazeti yanamsahau. Alibaki kule kwao, chini ya macho ya polisi. Kusali kwa namna ya Kimbangu kulikatazwa. Waliokamatwa walihamishwa na familia zao kwenda mbali. Kanisa lao linahesabu familia 37,000 zilizohamishwa katika miaka yote ile. Katika hali hiyo yeye ndiye aliyeshika kamba. Watu walimjia usiku, akawapokea, akawatuma, akawakumbusha. Alilima shamba, akalea watoto, na watoto wale walisoma, wakaja kufanya kazi. Wamama ambao mabwana wenu wako Punia ama Namoya, na simu hailii miezi miwili, mtamwelewa kuliko sisi tunavyoweza kuandika. Yeye alingoja miaka 30 mtu ambaye hakurudi, na wakati wa kungoja hakukaa.

Moja ya mahali walipopelekwa watu wale ni jirani yetu. Ukishuka Lualaba na masuwa toka Kindu kuelekea Ubundu unapita Lowa. Pale Bula Matari alifanya kambi ya kilimo ya wale aliowaita watu wa hatari: Wakimbanguisti, watu wa Kitawala, na wengine. Walilimishwa chini ya ulinzi. Lakini wakubwa walikosea hesabu. Walitaka kuitawanya imani ile ife, kumbe walikuwa wanaipanda. Kila walikompeleka Mkimbanguisti, jioni aliimba, jirani akauliza ni wimbo gani huo. Imani iliyokuwa ya Wakongo wa chini peke yao ikawa ya Kongo yote, kwa gharama ya serikali yenyewe.

Papa Simon alikufa tarehe 12 Oktoba 1951 pale Elisabethville, akiwa na miaka 64, akazikwa hukohuko. Kuna ubishi uliozuka kwamba alipokaribia kufa alibatizwa Mkatoliki. Familia yake ilikataa kabisa. Sisi hatuingii. Vile vile kanisa lake baadaye lilifundisha juu ya nafsi yake mambo ambayo makanisa mengine hayakubali, na mkisali Katoliki ama Protestanti mnajua msimamo wa wachungaji wenu. Ugomvi huo ni wa wenye vitabu. Mtu aliyekufa katika boloko hakuacha kitabu.

Miaka minane baadaye upepo uligeuka. Mtoto wake mdogo, Joseph Diangienda, yule aliyekuwa na miaka mitatu siku ya kukamatwa kwa baba, ndiye aliyesimamisha kanisa pamoja na ndugu zake. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ya Ubelgiji iliwatambua. Mama Mwilu hakuiona siku hiyo, alikufa mwezi wa Aprili wa mwaka uleule. Mwaka 1960, mbele ya uhuru, mifupa ya Papa Simon ilifukuliwa Katanga na kurudishwa Nkamba. Mwaka 1969 kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa ya Dunia, pamoja na makanisa ya wazungu ambayo wamisionari wao walimwona hatoshi.

Tulimweleza habari hizi yule kijana wa sendika aliyesema ni ujinga. Alisikiliza, akasema bado angekimbia. Mzee mmoja akacheka, akamwambia kwamba Papa Simon naye alikimbia kwanza.

Na kesi ya mama mjane? Iko bado ofisini. Tunaenda kila Jumatatu. Yeye mwenyewe anakuja pamoja nasi sasa, anakaa kwenye benchi na rozari yake mkononi, na karani akichelewa kutuita, ni yeye anayesimama kugonga mlango.

Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili, ile siku ya Nkiantondo, ni siku ya mapumziko katika nchi yote kwa kumkumbuka Papa Simon. Wenye kontra wanabaki nyumbani, na sheria inataka walipwe. Mchimbaji wa shimo hana kontra. Tarehe 6 Aprili anaweka tochi kichwani na kushuka kama siku nyingine, kwa sababu siku asiyoshuka, nyumbani hawali. Jambo hilo tumeliandika katika barua yetu, pamoja na lile la mama.